Mpako Mtakatifu kwa Mgonjwa wa Saratani Mwenye Ulemavu wa Akili

Tunapowatembelea wagonjwa majumbani, familia hutuuliza: "Baba, huyu ana saratani, lakini haelewi mambo; je, aweza kupokea Mpako Mtakatifu?" Kanisa limekwisha kujibu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1005, zaagiza kwamba panapokuwa na shaka iwapo mgonjwa amefikia matumizi ya akili, sakramenti hii itolewe. Basi tusimnyime kwa kudhani tu. Mtuite mapema, wala msingoje saa ya kufa.

Ndugu huyu huenda asiweze kutaja panapomuuma. Akikataa chakula, akilia usiku au akijitenga ghafla, tusiseme, "Ndivyo alivyo", tumpeleke hospitali. Wala tusimfiche ugonjwa wake. Tumweleze kwa maneno machache na kwa picha, tukiyarudia kwa upole, tukimpa nafasi ya kuuliza na kulia. Akiachwa akisie kwa kutazama nyuso zetu, hofu yake huzidi. Kristo hakupima akili za wagonjwa kabla ya kuwagusa, nasi tusizipime.