Kamera ya Infraredi na Ulinzi wa Tezi za Parathiroidi katika Upasuaji wa Goita

Kwa mgonjwa wa Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, aliyeondolewa goita Mtwara mjini, matatizo huweza kuanza akiwa amekwisha kurejea nyumbani: kalsiamu hushuka, midomo hufa ganzi, vidole hukakamaa. Chanzo ni kujeruhiwa kwa tezi za parathiroidi, kwa kawaida nne, zilizo nyuma ya tezi dundumio, ndogo kama punje za mchele na rahisi kudhaniwa mafuta. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walionyesha kuwa zikimulikwa kwa miali ya infraredi hung'aa zenyewe, bila dawa. Kamera huuona mng'ao huo, jicho haliuoni. Hata hivyo, tezi iliyokatiwa damu nayo huendelea kung'aa. Kwa hiyo kamera haiondoi haja ya kupima kalsiamu kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, na tena siku chache baadaye, jambo lisilo jepesi kwa aliyeko Msimbati.