Gari lililoundwa uani linahitaji mkaguzi, si katazo

Nchini Uingereza mtu anaweza kununua vyuma, akachukua injini ya gari kuukuu, akajifungia kwenye banda la nyuma ya nyumba yake kwa mwaka mmoja au miwili, kisha akatoka na gari ambalo halijawahi kuona mlango wa kiwanda. Gari hilo hulipeleka kwa mkaguzi wa serikali. Likifaulu hupewa namba za usajili, na kuanzia siku hiyo lina haki ya barabara sawa na gari lolote lililotoka Toyota au Ford. Huko jambo hili ni la kawaida, lina fomu zake na ada zake. Huku kwetu Afrika Mashariki kila baada ya muda tunasoma habari za kijana aliyeunda gari kijijini kwao. Tunaiona picha yake amekaa nyuma ya usukani, tunamsifu, kisha hatusikii tena gari lile limeishia wapi. Sidhani kwamba kinachotofautisha watu hawa wawili ni kipaji, wala fedha peke yake. Wa kwanza alijua tangu siku aliyokata chuma cha kwanza kwamba kuna kipimo kinachomsubiri, na alijua kipimo hicho kinataka nini. Wa pili hakuambiwa.

Desturi ya Waingereza kujiundia magari haikuanza kwa mapenzi ya ufundi pekee. Ilisukumwa na kodi. Baada ya Vita Kuu ya Pili gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi nzito ya manunuzi, lakini vipande vya gari vilivyouzwa bila kuunganishwa viliikwepa kodi hiyo. Mhandisi Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alilitumia pengo hilo vizuri kuliko wengine. Mwaka 1957 alitoa Lotus Seven, gari jepesi la viti viwili, lisilo na milango ya maana wala paa la kudumu, lenye uzito wa chini ya kilo 500, ambalo mnunuzi angeweza kulipokea katika masanduku na kulifunga mwenyewe nyumbani. Inasimuliwa hadi leo kwamba kwa kuwa sheria ilikataza vipande hivyo kuuzwa pamoja na maelekezo ya kuunganisha, Lotus ilimpa mteja maelekezo ya kulifungua gari, naye akayafuata kinyumenyume. Mwaka 1973 Uingereza ilipoingia katika kodi ya ongezeko la thamani, nafuu ile ikafa, na Lotus ikaachana na Seven. Haki za kuliunda zikachukuliwa na Caterham, kampuni iliyokuwa wakala wake, na gari lile linauzwa mpaka sasa, likiwa zima au likiwa vipande. Kodi iliyolizaa iliondoka, gari likabaki. Watu walikuwa wamegundua kwamba gari si fumbo.

Ugunduzi huo ulishuka hadi kwa watu wa kipato cha kawaida mwaka 1996, Ron Champion alipotoa kitabu kilichoahidi kwamba msomaji anaweza kuunda gari la michezo kwa pauni 250. Watu wengi waliofuata kitabu hicho walitumia zaidi ya kiasi hicho, lakini njia yake ilikuwa ya wazi: fremu inakatwa kutoka katika mabomba ya chuma ya mraba na kuchomelewa juu ya ubao uliochorwa vipimo, injini, giaboksi, ekseli ya nyuma na usukani vinatoka katika Ford Escort moja iliyochakaa, bodi inafunikwa kwa bati la alumini. Anayeijua kazi ya gereji ataona mara moja kwamba hapa hakuna muujiza. Ni kazi ya spana, mashine ya kuchomelea, na subira ndefu sana. Ugumu wa kweli uko katika uamuzi mdogo mdogo usiohesabika: bomba la breki lipite wapi lisisuguliwe, tenki la mafuta lifungwe vipi lisilegee, waya upi utaungua ukiguswa na eksozi. Kiwandani maamuzi hayo hufanywa na mamia ya watu. Uani hufanywa na mtu mmoja, usiku, baada ya kazi yake ya mchana.

Hapo ndipo serikali ina wajibu wa kuingia, na Uingereza iliingia. Mwaka 1998 ilianzisha ukaguzi maalumu wa gari moja moja kwa magari madogo, na mwaka 2009 ukaguzi huo ukabadilishwa na mwingine mkali zaidi unaoitwa kwa kifupi IVA. Mwenye gari huambatanisha tamko na picha za hatua za ujenzi kuthibitisha kwamba ameliunda mwenyewe kwa matumizi yake mwenyewe. Kisha hupanga miadi. Gari halina namba bado, lakini sheria inamruhusu kuliendesha hadi kituoni na kurudi, mradi lina bima na miadi imekwisha kupangwa. Mkaguzi hulipima kwa saa kadhaa, akiwa na kitabu cha ukaguzi ambacho mwenye gari naye anaweza kukisoma kabla hajanunua hata bolti moja.

Nataka kukaa kidogo kwenye kitabu hicho, kwa sababu ndicho chenye hoja yote. Hakisemi kwamba gari liwe “imara” au “salama kwa kuridhisha”. Kinataja namba na majaribio. Kingo yoyote ngumu ya nje ambayo mpira wenye kipenyo cha milimita 100 unaweza kuigusa lazima iwe imeviringwa, na mviringo wake usipungue nusu kipenyo cha milimita 2.5, ndiyo maana waundaji huonekana wakivisha vichwa vya nati vifuniko vya plastiki kimoja kimoja. Kelele za eksozi zisizidi desibeli 99. Mshale wa mwendo usisome pungufu ya mwendo halisi hata kidogo. Gari likiwa linakata kona na dereva akilegeza mikono, usukani uwe na tabia ya kurudi katikati wenyewe. Breki zikikandamizwa, magurudumu ya mbele yafunge kabla ya ya nyuma, kwa kuwa ya nyuma yakitangulia gari huzunguka na kumshinda dereva. Nati za breki na za usukani ziwe za aina isiyojifungua kwa mtikisiko, au zifungwe kwa pini. Ukisoma masharti haya utaona mpangilio wa kimaadili ndani yake: aliyeunda gari ana uhuru wa kujichagulia usumbufu, akose paa, akose milango, anyeshewe mvua, lakini hana uhuru hata wa milimita mbili juu ya mguu wa mtembea kwa miguu.

Gari likianguka mtihani, mwenyewe hupewa orodha ya kasoro, hurudi nyumbani, hurekebisha, na hukaguliwa tena. Likifaulu hupata cheti, na cheti ndicho kinachofungua mlango wa usajili. Hapo tena sheria imelijibu swali gumu: gari la uani lina umri gani? Kama vipuri vikuu vimetoka katika gari moja linalojulikana, linaweza kupewa namba zinazolingana na umri wa gari hilo. Kama asili yake haieleweki, hupewa namba zinazoanza na herufi Q, alama ambayo polisi, kampuni ya bima na mnunuzi wa baadaye wote wanajua maana yake. Mwenye gari la Q hasumbuliwi kuliendesha. Anachokosa ni ruhusa ya kudai kwamba gari lake ni kitu lisichokuwa.

Pingamizi la kwanza, na la haki, ni kwamba kipimo hiki hakilingani na kile cha kiwandani. Kampuni kubwa hugongesha magari kadhaa ukutani kabla ya kuuza moja. Gari la uani liko moja tu duniani, huwezi kuligongesha kisha ukalipatia cheti. Nalikubali hilo bila kulipunguza. Katika ajali kubwa, aliyekaa ndani ya Lotus Seven ana kinga ndogo kuliko aliyekaa ndani ya gari la familia la leo. Lakini kinga ya aliyemo si kipimo pekee ambacho sheria huruhusu nacho chombo barabarani, la sivyo pikipiki isingepewa namba hata moja. Pikipiki tunairuhusu kwa kuwa mpandaji anaijua hatari yake, na tunachodai ni breki, taa na ustadi wake. Muundaji wa gari la uani anaijua hatari yake kuliko sisi sote. Ameishika kila bolti. Wengine wanahofu kwamba njia hii itakuwa kichaka cha kusafishia magari ya wizi. Ingekuwa kweli kama usajili ungefanyika kwa maneno matupu. Picha za ujenzi, risiti za vipuri na namba inayogongwa kwenye fremu humwachia mwizi nafasi ndogo kuliko ile aliyonayo kwenye gari la kawaida lililobadilishwa injini kimyakimya.

Zipo nchi zilizochagua njia nyingine. Ujerumani ina ukaguzi wa gari moja moja, unaofanywa na wahandisi walioidhinishwa, wakiwamo wa TÜV. Jimbo la California, Marekani, limeweka mgawo: kila mwaka magari 500 ya mwanzo yaliyoundwa kwa namna hii huweza kusajiliwa kwa masharti mepesi ya moshi, yaani hupimwa kwa kiwango cha mwaka wa gari linalofanana nalo au wa injini iliyomo. Mgawo unapunguza kiasi cha moshi hewani, lakini haumfundishi mtu kitu. Wa 501 anaweza kuwa ameunda gari bora kuliko wa kwanza. Ndiyo maana naona njia ya Uingereza ni bora. Inauliza gari limeundwaje, haiulizi mwenyewe aliwahi foleni saa ngapi.

Sasa tugeukie kwetu, maana hatuanzi kutoka sifuri. Kenya iliunda Nyayo Pioneer kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi, kazi iliyoanza mwaka 1986 na magari yake kuonyeshwa hadharani mwaka 1990. Tanzania ina kituo chake cha teknolojia ya magari, Nyumbu, huko Kibaha. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walitoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011. Miradi hii yote ilibebeshwa swali moja zito: lini kiwanda? Kiwanda kilipochelewa au kukosekana, watu wakasema tumeshindwa. Hakuna aliyeuliza kama gari moja, lile lililokwisha kuundwa, lingeweza kupewa namba na kutembea. Wakati huohuo, mafundi wetu wanajenga bodi za mabasi na matatu juu ya chasisi za malori kila siku, na Kenya ina kiwango rasmi kinachoongoza ujenzi wa bodi hizo. Basi wazo la kukagua kilichotoka katika karakana ya hapa nyumbani si geni. Tunaliamini tunapopakia abiria 60. Sioni kwa nini lishindwe kuaminika kwa gari la watu wawili.

Ila taratibu zetu za magari zimejengwa juu ya bidhaa inayotoka nje. Kenya hukataa gari lililotumika linaloingizwa nchini likiwa na zaidi ya miaka minane. Tanzania hulikagua gari la aina hiyo kwa viwango vya shirika lake la viwango, TBS, kisha mamlaka ya mapato, TRA, hulisajili. Maswali yanayoulizwa ni mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka, karatasi za mmiliki wa awali. Ni maswali mazuri kwa gari la Japani. Gari la uani halina jibu la hata moja kati ya hayo, na fundi aliyeliunda hujikuta anaonekana kama mkosaji kabla breki zake hazijakanyagwa na mtu.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi wa namna hii kwetu utaishia kwenye bahasha. Hofu hiyo ina msingi, lakini tuangalie rushwa inaota wapi. Inaota pale mkaguzi anapokuwa na neno la mwisho lisilopimika: “gari halijakaa sawa”, “rudi wiki ijayo”. Kipimo cha desibeli husomwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Mpira wa milimita 100 hauna mjomba. Kadiri kitabu kinavyotaja namba, ndivyo fundi anavyopata la kujibu akikataliwa, na ndivyo mkubwa wa mkaguzi anavyoweza kurudia kipimo kilekile. Kuhusu gharama, hatuhitaji vituo katika kila wilaya. Kituo kimoja katika kila nchi, karibu na chuo cha ufundi chenye mashine ya kupimia breki, kingetosha kuanzia, na ada ilipwe na mwenye gari.

Kabla ya kituo, hata hivyo, kuna kazi isiyohitaji jengo wala mashine. TBS, KEBS ya Kenya na mashirika mengine ya viwango ya kanda hii wakae na walimu wa ufundi na mafundi wa bodi, waandike masharti ya gari moja lililoundwa nyumbani: breki, usukani, taa, mikanda, kingo, kelele, moshi, namba ya fremu. Wayaandike kwa Kiswahili chepesi, kwa michoro na vipimo, na wayatoe bure kwa kila chuo cha ufundi cha VETA na kila karakana. Tunawaomba wafanye hivyo mapema, ili kijana anayepanga kukata chuma mwaka huu ajue mkaguzi atagusa wapi.