Mshipa Umeganda na Una Mimba: Pesa Ianzie Wapi?

Mama mjamzito wa Kashuga, Kivu Kaskazini, anayeona mshipa wa mguu umekuwa mgumu kama kamba, una joto na unauma, hana muda wa kuzunguka kwenye farmasi. Hiyo mara nyingi ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa juu. Pesa ya kwanza iende kwenye ekografi, si kwenye dawa.

Kipimo ndicho kinachoamua matumizi yote yanayofuata. Damu ikiganda kipande kifupi, chini ya sentimita 5, mbali na kinena, daktari anaweza kukuanzishia paracetamol, soksi za kubana na kutembea, kisha akupime tena baada ya wiki moja hivi. Ikifika sentimita 5 au zaidi, sindano za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, zinahitajika. Ikiwa imebakiza sentimita 3 au chini yake kufika kinena, dozi ni kubwa zaidi.

Si lazima mashine iwe ya gharama. Mpimaji anaukandamiza mshipa kwa kifaa chake: mzima unabonyea kabisa, wenye damu iliyoganda unagoma. Mwombe apime hadi kinena, na mishipa ya ndani pia, kwa malipo yaleyale. Ukirudi kesho kwa hilo, utalipa tena.

Anzia hospitali kuu ya Mweso. Kwa miaka mingi imesaidiwa na shirika la Médecins Sans Frontières, na huduma za shirika hilo hazilipiwi. Kabla ya kupanda moto (pikipiki), mwombe muuguzi wa kituo cha Kashuga barua ya rufaa, na aulize kama mpimaji yupo na sindano zipo.

Goma kuna mashine na farmasi nyingi zaidi, lakini hesabu haiishii kwenye kipimo. Kuna nauli ya kupitia Kitchanga na Sake, chakula cha anayekusindikiza, malazi, glavu unazoambiwa ununue mwenyewe, na kamisheni ya kutoa pesa kwenye simu. Usitegemee benki: za mji huo zilifungwa Januari 2025. Kama unabeba dola, chagua noti safi. Iliyochanika kidogo tu inakataliwa.

Gharama nzito ni sindano. Kwa kawaida zinaendelea mpaka wiki 6 baada ya kujifungua. Mimba ikiwa ya wiki 28, ikifika 40, ukiongeza hizo 6 za baada, ni wiki 18: sindano 126 kwa moja kila siku. Zidisha bei uliyotajiwa kwa 126 kabla ya kulipia ya kwanza, kisha uliza bei ya boksi zima. Jifunze kujichoma tumboni, usilipie mkono wa muuguzi kila siku. Ziweke mahali pa baridi, chini ya nyuzi 25, mbali na bati.

Badala ya enoksaparini, heparini ya kawaida huweza kuwa rahisi kwa chupa, lakini huchomwa mara mbili kwa siku, inahitaji vipimo vya damu, na ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa. Mimi ningeichukua pale tu enoksaparini imekosekana.

Bandi ya elastiki inapatikana kirahisi kuliko soksi, ila inalegea ikifuliwa na inateleza ukitembea. Soksi nzuri hudumu miezi kadhaa. Usinunue kabla mguu haujapimwa kwa futi ya fundi cherehani. Inayobana vibaya ni pesa iliyopotea.

Usinunue kabisa dripu na viuavijasumu kama hakuna usaha wala homa. Diklofenaki na ibuprofeni acha: baada ya wiki 20 huweza kuumiza figo za mtoto. Kati ya vidonge vya kuzuia damu kuganda, warfarini inamfikia mtoto tumboni, na rivaroksabani si ya mjamzito. Aspirini haishiki nafasi ya sindano. Wala usikubali mguu ukandwe kwa nguvu.

Mguu mzima ukivimba, pumzi ikikata, kifua kikauma au ukikohoa damu, usingojee mchango wa ukoo utimie. Mwambie muuguzi atafute gari la wagonjwa saa ileile. Likikosekana, chukua moto kwa mkopo.