Mjue adui anayejifanya mpunga

Mkulima wa mpunga katika bonde la Imbo, nchini Burundi, ana maadui wengi: ndege, magonjwa, bei ya mbolea. Lakini yupo mmoja anayemlisha mwenyewe bila kujua. Ni majani ya msimu mmoja ambayo wataalamu huyaita Echinochloa. Yakiwa machanga hufanana mno na mpunga, hivyo hung'olewa kitaluni pamoja na miche na kupandikizwa shambani kwa mikono ya mwenye shamba.

Je, utayatambuaje? Chukua mche, ulivute jani taratibu mpaka pale linaposhikana na shina. Mpunga una kiulimi cheupe, chembamba, na visikio viwili vidogo vyenye vinyweleo. Echinochloa haina kiulimi wala visikio. Mahali hapo ni patupu. Mara nyingi shina lake huwa na wekundu au zambarau karibu na mizizi. Hata mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mara moja hasahau. Wazazi, waulizeni watoto wenu!

Sisi tuliosoma katika makazi ya wakimbizi kule Tanzania tulirudi na elimu ya namna hii, kwa kuwa shamba la shule nalo lilikuwa darasa. Na wengi wetu tuliorejea tuna vipande vidogo vya ardhi. Katika kipande kidogo, gunia linaloliwa na magugu ndilo sare na madaftari ya mtoto.

Dawa ya kwanza ni subira. Kabla ya kupanda, lowesha jaruba, acha magugu yaote kwa wiki mbili hivi, kisha yafukie kwa jembe. Pili, kagua miche kitaluni kabla ya kupandikiza. Tatu, panda kwa mistari. Jani lolote litakaloota katikati ya mistari litajulikana mara moja kuwa ni mgeni. Nne, weka maji ya kina cha sentimita 5 hivi baada ya miche kushika, na jaruba liwe limesawazishwa. Maji huzuia mbegu kuota, lakini hayaui majani yaliyokwisha kuchomoza juu yake. Hayo ni ya kung'oa.

Palizi ifanyike mapema, ndani ya siku 40 za kwanza, wakati mpunga bado dhaifu. Anayetumia dawa aina ya propanili anyunyizie magugu yangali na majani mawili au matatu, wala asiichanganye na dawa za wadudu za jamii ya fosfati na kabamati, kwani mpunga wenyewe utaungua.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Shina moja lililoachwa huzaa maelfu ya mbegu, nazo hupukutika kabla ya mavuno na kungoja ardhini msimu ujao. Ukiliona limechanua, usipite. Ling'oe, ulitoe nje ya shamba, ulichome.