Kunja, Zungusha, Sogeza

Mwulize mwanafunzi wa darasa la tano mstatili una mistari mingapi ya ulinganifu, na mara nyingi utajibiwa: minne. Miwili anaijua vizuri, ule unaoukata mstatili katikati kwa wima na ule unaoukata kwa mlalo. Miwili mingine anaiongeza kwa kukadiria: mishazari, yaani ile mistari inayotoka kona moja kwenda kona ya mkabala. Jibu lake lina mantiki. Mshazari kweli huugawa mstatili kuwa pembetatu mbili zinazolingana kwa kila kipimo, na vipande viwili vinavyolingana vinatosha kumshawishi yeyote ambaye hajajaribu kukunja.

Kanga humaliza ubishi. Tuchukue yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Ikikunjwa katikati, pindo linalala juu ya pindo na kona zinakutana. Ikikunjwa kwenye mshazari, kona mbili zilizobaki zinaachana kwa karibu sentimita 56, zaidi ya nusu mita. Hakuna haja ya futi kamba kuipata namba hiyo. Zidisha 150 kwa 150, toa 110 mara 110, kisha gawa kwa urefu wa mshazari, ambao kwa kanuni ya Pythagoras ni kama sentimita 186. Hesabu hii ina faida moja zaidi: pande zote zikiwa sawa, kutoa kunaleta sifuri na kona zinakutana. Ndiyo maana mraba una mistari minne, na mstatili mwingine wowote hauvuki miwili.

Jina la kanga, kwa kweli, huharibu hata hiyo miwili. Maandishi yakionekana kwenye kioo yanasomeka kinyume, na kanga ikigeuzwa yanasimama kichwa chini. Mchoraji anaweza kusawazisha pindo na mji kwa uangalifu wote. Msemo mmoja tu pale chini unavunja kila kitu.

Kosa la mwanafunzi yule linaanzia kwenye namna ulinganifu unavyoingizwa darasani, kama sura ya kutazamwa: kipepeo, jani, uso wa mtu. Mwanahisabati huuchukulia kuwa tendo, na mchezo wake ni huu. Mtu mmoja anafumba macho. Mwenzake analizungusha umbo lililo mezani, au analipindua, au analiacha. Aliyefumba akifumbua macho na asiweze kujua kama kuna kilichofanyika, tendo hilo linahesabiwa. Mstatili una matendo manne ya aina hiyo: kuupindua kwa wima, kuupindua kwa mlalo, kuuzungusha nusu mzunguko, na kuuacha ulivyo. Mraba una manane. Hilo la kuuacha ulivyo huwachekesha wanafunzi, lakini lina kazi ileile ya sifuri kwenye kujumlisha, na bila hilo hesabu ya matendo haifungi.

Msambamba ndio unaowatesa wengi. Pande zake zinazokabiliana ni sambamba, umeinama kidogo kama mstatili uliosukumwa ubavuni, na mwanafunzi anaukunja hivi na vile akitafuta mstari wa ulinganifu usiokuwepo. Hauna hata mmoja. Hata hivyo, uzungushe nusu mzunguko kwenye kitovu chake, pale mishazari inapokatana, nao unarudi mahali pake bila kuacha dalili. Upande wa juu umeangukia pale ulipokuwa wa chini, kwa hiyo pande zinazokabiliana ni sawa. Pembe ya kushoto chini imeangukia pale ilipokuwa ya kulia juu, kwa hiyo pembe zinazokabiliana ni sawa. Kila mshazari umejilalia wenyewe, ncha zikiwa zimebadilishana nafasi, kwa hiyo kitovu kinaugawa nusu kwa nusu. Sifa tatu ambazo vitabu vingi huzipanga kwenye orodha ya kukariri zimepatikana kwa kugeuza karatasi mara moja. Inasikitisha kwamba orodha ndiyo hutangulia na karatasi hufuata, kama muda utaruhusu.

Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Utrecht tasnifu zilizoeleza kwa nini mpangilio huo huwakwamisha watoto. Kwa maelezo yao, fikra za jiometria hupanda ngazi kwa ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza mtoto hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kiasi kwamba mraba uliosimamishwa kwa kona moja unaacha kuwa mraba. Baadaye anaanza kuona sifa za umbo, na baadaye zaidi anaona jinsi sifa moja inavyoizaa nyingine. Mwalimu aliye ngazi ya tatu anayezungumza na mtoto aliye ngazi ya kwanza hutumia maneno yaleyale, lakini hawaelewani.

Swali linalowaonyesha wote wawili walipo ni hili: je, mraba ni mstatili? Kwa macho, hapana. Kwa matendo, ndiyo, tena bila mabishano, kwa kuwa kila tendo ambalo mstatili hulivumilia, mraba nao hulivumilia, na una mengine ya ziada. Kwa kipimo hichohicho rombasi ni msambamba, na mraba ni rombasi pia. Familia nzima ya pembenne inajipanga yenyewe kwa kuhesabu matendo: manane kwa mraba, manne kwa mstatili na kwa rombasi, mawili kwa msambamba, mawili kwa tiara, na kwa pembenne isiyo na mpango wowote, lile moja tu la kuiacha ilivyo.

Mfano mzuri kuliko wote wa nguvu ya njia hii una umri wa miaka 1,700 hivi, na ulitokea Misri. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid wa Alexandria alithibitisha kwamba pembetatu yenye pande mbili sawa ina pembe mbili za chini zilizo sawa. Uthibitisho wake ulirefusha pande, ukaongeza mistari, ukalinganisha pembetatu mbili kisha nyingine mbili. Wanafunzi wa Ulaya waliokwama hapo karne nyingi baadaye waliuita daraja la punda. Karne sita hivi baada ya Euclid, Pappus, naye wa Alexandria, hakuchora mstari hata mmoja. Alisema: ilinganishe pembetatu na yenyewe ikiwa imepinduliwa. Upande wa kushoto ni sawa na wa kulia, wa kulia ni sawa na wa kushoto, pembe ya juu ni ileile. Basi pembetatu inalingana na nakala yake iliyopinduliwa, na pembe ya chini kushoto haina budi kuwa sawa na ya chini kulia.

Hadi hapa ni maumbo yanayokaa peke yake. Mambo hunoga umbo linapojirudia.

Mkeka wa pwani huanza kama ukili, utepe mrefu unaosukwa kwa chane za ukindu, kisha tepe hizo hushonwa pamoja. Fikiria ukili wenye nakshi usio na mwisho upande wowote. Tendo la kwanza linalowezekana ni kuusogeza hatua moja hadi nakshi ilalie nakshi. Linaweza kufuatiwa na nusu mzunguko, au kioo cha wima, au kioo cha mlalo, au lile tendo la nyayo za mtu mchangani, ambapo unasogea na kujiakisi kwa pamoja, kushoto, kulia, kushoto. Herufi zinatosha kuonyesha. FFFF hukubali kusogezwa tu. AAAA hukubali kioo cha wima, DDDD kioo cha mlalo, NNNN nusu mzunguko, na HHHH hukubali vyote. Nyayo ni aina ya sita. Ya saba ni ile nakshi ya meno inayojulikana sana kwenye mikeka, VΛVΛ, yenye vioo vya wima, nusu mzunguko na hatua za nyayo.

Aina ya nane haipo. Msukaji anaweza kubuni maua, samaki au nyota apendavyo, lakini utepe wake utaangukia katika mojawapo ya hizo saba, kwa sababu matendo haya hayako huru. Weka kioo cha wima na cha mlalo kwenye utepe mmoja, na nusu mzunguko unakuja wenyewe, upende usipende.

Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Msumbiji hadi kifo chake mwaka 2014, alizikuta zote saba kwenye sipatsi, mikoba inayosukwa katika mkoa wa Inhambane. Mwaka 1994 yeye na Gildo Bulafo walichapisha kitabu kizima kuhusu mikoba hiyo. Kinachovutia zaidi ya hizo aina ni hesabu iliyo mikononi mwa msukaji. Mkoba ni duara, kwa hiyo nakshi ikizunguka lazima ikutane na mwanzo wake. Nakshi ikijirudia kila baada ya chane 6, na msukaji akaanza na chane 80, atabakiwa na 2 na mkoba utakuwa na kovu pale nakshi inapokatika. Anahitaji 78 au 84. Huo ni ugawanyaji usio na baki, na hakuna kalamu iliyoshikwa.

Kwenye kitambaa, ambako nakshi inaenda pande zote, aina zinaongezeka hadi 17 na kuishia hapo. Mrusi Evgraf Fedorov alilithibitisha hilo mwaka 1891 akichunguza fuwele za madini. George Pólya alilifikia tena mwaka 1924, na michoro yake 17 ikanakiliwa na msanii M. C. Escher aliyekuwa akihangaika na mambo hayohayo bila hisabati. Donald Crowe wa Marekani alipokagua nguo za rafia na vinyago vya Wakuba wa Kasai, Kongo, alichapisha mwaka 1971 kwamba zote 7 za tepe zimo, na 12 kati ya 17 za kitambaa.

Katika orodha ya 17 hamna hata moja inayozunguka kwa tano. Sababu inaanzia kwenye pembe. Kona ya pembetano sawa ni nyuzi 108. Tatu zikikutana kwenye nukta moja zinajaza nyuzi 324, linabaki pengo la nyuzi 36 ambalo halitoshi ya nne. Pembetatu sita za nyuzi 60 zinajaza, miraba minne inajaza, pembesita tatu zinajaza, kama kila sega la asali linavyoonyesha.

Kwa muda mrefu swali lililobaki lilikuwa la kinyume: je, lipo umbo moja linaloweza kujaza sakafu isiyo na mwisho bila pengo, lakini likatae katakata kujirudia? David Smith, fundi mstaafu wa uchapaji huko Yorkshire, Uingereza, alilipata mwaka 2022 akicheza na maumbo kwenye kompyuta na kuyakata kwenye karatasi ngumu. Lina pande 13, na limeundwa kwa tiara nane, zile zinazopatikana pembesita ikigawanywa sita kutoka kitovuni hadi katikati ya kila upande. Lenyewe halina mstari wowote wa ulinganifu. Joseph Myers, Craig Kaplan na Chaim Goodman-Strauss walisaidiana naye kuthibitisha, na Machi 2023 wanne hao walitangaza kwamba sakafu yake yote ikisogezwa, kwa umbali wowote na upande wowote, haitajilalia hata mara moja.

Palikuwa na kasoro moja, ambayo fundi wa vigae angeiona mara moja. Baadhi ya vipande lazima vipinduliwe, na kigae kilichong'arishwa upande mmoja hakipinduliki. Mwezi Mei mwaka huohuo wanne wale walileta umbo la pili, ambalo kingo zake zikipindwa kidogo halikubali kabisa kuchomekwa kando ya nakala yake ya kwenye kioo, na bado linajaza sakafu bila kujirudia.