Kalamu Inapogoma: Hotuba Iliyonishinda kwa Wiki Tatu

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Kazi inayonilisha ni maneno. Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, kila mwezi nasahihisha makala za wenzangu, na ni mimi huyu huyu ninayempigia simu mwandishi aliyechelewa na kumwambia, “Wewe andika tu bwana, yatakuja yenyewe!” Basi mwaka jana familia ikanipa kazi ya kuandika hotuba ya dakika 5 kwa ajili ya send-off ya mdogo wangu, nyumbani Moshi. Dakika 5 tu! Nikakodolea macho karatasi tupu kwa wiki tatu.

Nilihama mezani nikaenda kitandani. Nikachemsha chai ambayo sikuinywa. Nikafungua kompyuta, nikaandika “Ndugu mgeni rasmi, wazazi wetu wapendwa,” nikafuta. Nikaandika tena “Wazazi wetu wapendwa, ndugu mgeni rasmi,” utafikiri tatizo lilikuwa nani atangulie. Baba watoto akipita nyuma ya kiti ananiuliza, “Vipi, umefika wapi?” Namjibu, “Kwenye wapendwa.”

Anayetajwa kuupa mgomo huu jina kwa Kiingereza, mwaka 1947, ni daktari wa akili Edmund Bergler. Yeye aliamini kwamba chanzo kimejificha ndani ya nafsi ya mwandishi. Mimi niliamini chanzo ni uchovu na foleni ya Mwenge. Kumbe!

Zoezi lililonitoa gizani ni la mwalimu mmoja wa Marekani, Peter Elbow, ambaye aliliandika kwenye kitabu chake Writing Without Teachers cha mwaka 1973. Ni rahisi mpaka linatia mashaka. Unachukua kalamu na karatasi, unatega saa dakika 10, unaandika bila kusimama. Hurudi nyuma, hufuti, husahihishi herufi. Ukikosa la kusema, unaandika “sina la kusema” mpaka uchoke nalo. Siri yake ni kwamba kichwa chetu kina watu wawili, anayetunga na anayekosoa, na wakikaa meza moja yule mkosoaji ndiye anayeongea sana. Kwa mhariri kama mimi, huyo mkosoaji ana mshahara kabisa.

Basi nikatega simu. Dakika mbili za kwanza niliandika juu ya umeme wa LUKU uliokuwa unaisha, nywele zangu, na kamati ya vinywaji. Dakika ya nne hivi mkono ukaandika peke yake: sina haki ya kumsemea huyu mtoto. Nilitaka kusimama. Sheria hairuhusu.

Yakatoka yote. Mama alipopata kiharusi mimi nilikuwa Dar, nina cheo kipya, na kila mwisho wa mwezi nilituma pesa. Mdogo wangu aliacha kazi yake Arusha akarudi nyumbani. Mwaka mzima alimwogesha mama, akamlisha, akamfundisha upya kushika kijiko. Watu wakinisifu, “Unamtunza mama yako vizuri,” nilikuwa naitikia asante. Sikuwahi kumwambia mwenzangu asante. Hata siku moja. Sasa ulitaka nisimame na kipaza sauti niseme nini?

Nililia pale mezani, jamani. Ila kilio si hotuba. Nilikuwa na kurasa mbili za fujo zisizoweza kusomwa mbele ya wakwe.

Hapo nikakumbuka zoezi ambalo wala halitoki Ulaya. Wazee wetu walilijua zamani, nalo ni kujifunga kamba. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mizani 16 kila mstari, 8 na 8, na ndani ya kizibo hicho watunzi wamepitisha mapenzi, vita na matusi ya kila aina. Ukijibana hivyo, akili inaacha kuhangaika na “nitasemaje vizuri” inaanza kuhesabu vidole. Chukua jambo lako lililo zito kuliko yote, liseme kwa mizani 16. Mimi nilihesabu vidole mpaka saa 6 usiku, nikapata huu:

Mimi nilituma pesa, wewe ulitoa mwaka.

Si shairi, najua. Lakini hotuba nzima ilikuwa humo.

Wenzetu Wafaransa nao wana michezo ya kujifunga. Mwaka 1969 Georges Perec alitoa riwaya nzima, La Disparition, isiyo na herufi “e” hata moja. Nilipomsimulia baba watoto, akasema kwa Kiswahili tujinyime “a” tuone. Jaribuni na mwenzi wako, ni kicheko kitupu, maana bila “a” hakuna mama, baba, wala nakupenda. Kesho yake nikiwa ofisini akanitumia ujumbe: “Njoo. Kuku yupo, pilipili ipo, mume ndiye mpishi.” Itafute hiyo herufi! Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka.

Kama kuandika kwenyewe kunakutisha, ongea. Washa kinasa sauti cha simu, mwambie rafiki yako mmoja unachotaka kuandika, halafu sikiliza na uandike ulichosema. Wengi wetu tuna maneno matamu mdomoni na magumu kalamuni. Na ukishaanza, fuata kanuni ya Ernest Hemingway: acha kazi wakati bado unajua kinachofuata, usisubiri mpaka ukauke. Mimi usiku ule niliacha katikati ya sentensi, nikalala usingizi wa mtoto. Asubuhi niliimalizia kabla hata ya kupiga mswaki.

Hotuba ikawa tayari siku nne kabla ya sherehe. Niliisoma kwa sauti, baba watoto akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukifikiria: “Yeye ameshaisikia hiyo asante? Au ataisikia pamoja na MC?”

Swali hilo lilinichoma. Kumwambia mtu jambo kama hilo kwa mara ya kwanza mbele ya wageni 300 ni kumnyang'anya hata nafasi ya kukukasirikia. Nikampigia simu. Nilitetemeka kuliko siku ya usaili wa kazi. Nikamsomea ule mstari mmoja tu, halafu nikaongeza kwa maneno ya kawaida kwamba nisamehe, nilijua muda wote.

Kimya. Nikasikia sauti ya mama kwa nyuma ikiuliza nani anapiga.

“Dada,” akasema, “nilidhani hutasema kamwe.” Akapenga kamasi. “Haya, Ijumaa usisahau vitenge vya kamati. Na hiyo hotuba ifupishe, MC wetu anapenda kuongea.”