Vinara wa Shimoni: Migodi ya Fedha na Risasi Iliyoachwa

Sehemu kubwa ya fedha ya dunia ya kale ilitoka ndani ya galena, jiwe zito la kijivu linalometameta ukilivunja, na jiwe hilo ni la risasi. Yeyusha tani nzima ya risasi, utapata kilo chache za fedha. Mara nyingi hata kilo moja haifiki. Kwa hiyo kila mgodi ninaoutaja hapa una hesabu mbili: fedha iliyokwenda hazina, na risasi iliyobaki palepale au kupeperuka na moshi. Wanaoandika rekodi hupenda hesabu ya kwanza. Mimi nimewachagua vinara wangu kwa kuzitazama zote mbili.

Uliozaa jeshi la majini

Laurion iko kusini-mashariki mwa Attica, Ugiriki, kiasi cha kilomita 60 kutoka Athens. Upande wa Thorikos watu walikuwa wakichimba zaidi ya miaka 2,500 kabla ya Kristo. Mwaka 483 KK ukapatikana mwamba mnono kupita kiasi huko Maroneia, na Waathene wakataka kugawana, kila raia drakma 10. Mwanasiasa Themistokles akawashawishi waache mgao, wajenge meli za kivita. Mwaka 480 KK meli hizo ziliwavunja Waajemi katika mlango wa bahari wa Salamis. Sijui mgodi mwingine ambao mwamba wake mmoja uligeuza historia kwa haraka namna hiyo.

Kinachonivutia zaidi Laurion, hata hivyo, ni mialo yake ya kuchenjulia. Nchi ile ni kavu, haina mto wa maana, na galena haichenjuliwi bila maji. Basi walichonga matangi makubwa ndani ya mwamba kukinga mvua ya masika yao, wakayapiga plasta ya chokaa iliyochanganywa na oksidi ya risasi ili yasivuje. Jiwe lilipondwa na kusagwa hadi likawa chembe ndogo kama mtama. Maji yalitoka kwenye vitundu vya tangi, yakapita juu ya sakafu yenye mteremko, yakachukua mchanga mwepesi na kuacha chembe nzito, kisha yakazunguka mferejini kutuama na kutumika upya. Mchimbaji mdogo wa Geita akisimama pale leo ataelewa kila kitu bila kuelezwa.

Chini ya mialo hiyo kuna mashimo ya wima, mengine yanapita mita 100, na mahandaki ambayo mengi hayafiki kimo cha mita moja. Aliyefanya kazi humo alitambaa na taa yake ya mafuta. Alikuwa mtumwa. Mwandishi Xenophon ameandika kwamba tajiri Nikias alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha kwa Sosias wa Thrace kwa oboli moja kwa kichwa kwa siku, kwa sharti kwamba idadi isipungue kamwe. Sharti hilo linaeleza mengi kuhusu vifo vya mle ndani kuliko kaburi lolote. Mwaka 413 KK, Wasparta, waliokuwa vitani na Athens, walipoweka kambi Dekeleia, watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka kutoka Attica, na inaaminika wengi wao walitoka migodini.

Mgodi ulilala karne nyingi. Katika miaka ya 1860 Mwitaliano Giovanni Battista Serpieri alifika kuchimba marudio, akayeyusha tena taka za matanuri ya kale, maana Waathene walikuwa wameacha humo risasi ya kutosha kumpa mtu faida. Taka zilizomwagwa baharini zilikuwa zimekwishafanya jambo la ajabu: chumvi ya bahari iliingia matunduni mwake na kukuza fuwele za madini mapya, mojawapo likiitwa laurioniti.

Wenye watu wengi zaidi

Kwa idadi ya wafanyakazi, Cartagena ya Hispania inaongoza. Mwanahistoria Polybius alihesabu watu 40,000 kwenye migodi ile katika karne ya 2 KK, wakiipatia Roma drakma 25,000 kila siku. Kabla ya Warumi, jemadari Hannibal wa Karthago alikuwa na mgodi wake Hispania uitwao Baebelo, uliompa ratili 300 za fedha kwa siku, kama alivyoandika Mrumi Plinius. Milima ya Cartagena iliendelea kuchimbwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ghuba ya Portmán iliyo jirani ilikuwa bandari. Leo imejaa mamilioni ya tani za taka za uchenjuaji, na ufukwe umesukumwa mamia ya mita ndani ya bahari.

Moshi uliosafiri mbali zaidi

Mwaka 1994 wanasayansi waliopima matabaka ya barafu ya Greenland walitangaza kuwa risasi iliyoanguka pale kati ya mwaka 500 KK na 300 BK ilikuwa takriban mara 4 ya kiwango cha asili. Miaka 3 baadaye, kwa kulinganisha isotopu za risasi, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya ile ya zama za Kirumi ilitoka eneo la Rio Tinto, kusini-magharibi mwa Hispania. Matanuri yalizimwa zamani, lakini moshi wake bado umehifadhiwa barafuni, tabaka kwa tabaka.

Wenye matanuri yaliyotisha zaidi

Mwanachuoni al-Hamdani wa Yemen, wa karne ya 10, anasimulia juu ya mgodi wa al-Radrad, kaskazini-mashariki mwa Sanaa. Ulikuwa na matanuri 400, na ndege aliyepita juu ya kijiji alianguka amekufa. Waakiolojia wameutambua mahali paitwapo Jabali na kukuta kweli mapango ya kuchimbia. Uliachwa katika karne ya 9, baada ya vurugu za kisiasa.

Hapa nawaza juu ya pwani yetu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa hapahapa. Fedha ile ilikuja na majahazi, na kila punje yake ilikwishapita kwenye tanuri la mtu fulani.

Kitanda cha chini zaidi

Mgodi wa Sala, Sweden, uliofungwa 1908, ulipata sifa kwa chumba chake cha wageni kilicho mita 155 chini ya ardhi. Mwaka 2023 rekodi hiyo ilivunjwa na mgodi wa mawe ya kuezekea huko Wales, mita 419.

Ulio nyumbani

Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda, ambao pia ulitoa fedha, shaba na dhahabu. Mgodi ulifungwa 1960. Abiria wanaendelea kupanda treni.

Unaoumiza zaidi hadi leo

Kabwe, Zambia, wakati huo ikiitwa Broken Hill, ilianza kuchimbwa 1906. Risasi na zinki kwanza, fedha kidogo pembeni. Juni 1921 wachimbaji walitoa pangoni fuvu la binadamu wa kale, ambalo mwaka 2020 lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 299,000 hivi. Makadirio yalikuwa magumu kwa sababu kilima chenyewe kilikwisha kuchimbwa chote. Fuvu liko London, na Zambia inalidai. Ina haki ya kulidai.

Mgodi ulifungwa 1994, lakini lundo la taka lilibaki wazi, na upepo huipulizia vumbi lake mitaa ya Kasanda, Makululu na Chowa. Mtoto anayetambaa uani hulamba vidole vyake. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka mifupani. Nyingine huingia ubongoni. Vipimo vya damu vya watoto wengi wa mitaa hiyo hupita mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho WHO inasema chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mradi wa Benki ya Dunia ulioanza 2016 ulipima na kutibu watoto. Mwaka 2020 wakazi walifungua kesi Johannesburg dhidi ya kampuni ya Anglo American South Africa, wanayoilaumu kwa risasi hiyo, nayo inakana kuwajibika. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilikataa kuiruhusu iendelee kama kesi ya kundi, nao wakazi wakakata rufaa.

Wakati huohuo leseni za kuchimba marudio kwenye taka za Kabwe zimeendelea kutolewa. Zisimamishwe, na lundo lifunikwe kwanza.